Upande wa Nyuma

Tunaanza na kitakachoonekana kwanza:
alama ya moto, kufuli, saa,
ule mstari mwembamba mweupe wa kupandisha joto.
Kisha nyeusi. Kisha nyeusi tena juu yake.
Maneno yote tunayachapa kinyume,
kwa sababu kioo ni kioo
na mnunuzi husimama ng'ambo.

Karakana ipo Železný Brod, mto Jizera ukipita chini ya madirisha
tusiyoyafungua kwa kuogopa vumbi.
Hapa hapa Vlastimil Houška alichapa miaka arobaini
kwa rangi ya zamani, unga wa kioo na madini ya risasi,
akiichoma nyuzi mia sita
mpaka rangi ikasahau kwamba ilikuja ugenini.

Wino wa sasa ni wa kikaboni, ukoo mwingine.
Unauchanganya na kigumishi, unapewa saa sita;
ya saba hausikii la mwadhini wala la mteka maji.
Nusu saa kwenye nyuzi mia moja na hamsini, umekomaa.
Mkate wa mama yangu ulidai moto kuliko huo.
Vlastimil husogeza kiganja kwenye mlango wa tanuri, huguna:
"Joto la kukaushia soksi."

Mimi ni wa meza ya mwanga.
Natafuta vitobo, vidogo kuliko ncha ya sindano,
naviziba kwa brashi iliyobaki na unywele mmoja.
"Kama nyota," alisema Radim siku yake ya kwanza.
Nikamwambia: ni mshahara unaovuja.

Halafu kisu chenye meno sita, mikato ya kukingamana,
utepe wa gundi, bonyeza, vuta.
Halafu maji yanayochemka.
Wino usiong'oka hapo hautaguswa tena na mtu maisha yake yote.
Watagusa kioo. Wenyewe utalala chini,
milimita nne mbali na kila kidole.

Na uwe mtunza siri.
Nyeusi ya kwanza tuliyoletewa ilijaa masizi,
ikawa inatembeza maneno:
umeme ukinong'ona kwenye kitufe kimoja, vyote vinasikia.
Saa nane usiku jiko la majaribio likajiwasha lenyewe.
Mlinzi Kudrna alifanya ishara ya msalaba,
ndipo akatafuta swichi.
Pipa zima tukalirudisha kwa wenyewe.

Mwezi wa pili, nyeusi mpya, jiko jipya.
Wakamwita Vlastimil abonyeze wa kwanza, kwa heshima.
Akaweka kidole juu ya alama ya moto.
Kimya.
Akabonyeza kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa nduguye.
Kimya.
Tanuri ilikwisha kula ncha za vidole vyake,
ngozi imekuwa pembe, kavu,
na kioo hakikumjua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tuliambiwa.
Siku hizi kimoja hupika, hufua, hulipa deni, hufungua mlango,
mradi kisiwe cha mtu aliyefanya kazi kupita kiasi.

Alikilamba, kama anayefunua ukurasa.
Moto ukawaka, mwekundu, mdogo.
Akafuta kioo kwa mkono wa shati.
"Nyeusi imekaa," alisema, akaenda kunywa chai.

Sijamwambia hili.
Wiki ile alikamata paneli moja bila glavu,
kati ya nyeusi ya kwanza na ya pili.
Niliiona kwenye mwanga: mistari ya kidole gumba,
michache, iliyokatikakatika, ila ipo.
Ilipaswa kwenda kwenye ndoo ya vipande.
Nikaipitisha chini ya wavu,
nyeusi ikaifunika,
nikaipanga pamoja na nzima.

Huenda itabanduka pembe baada ya miaka miwili.
Huenda mtu huko Brno anachemshia maziwa sasa hivi.